Mashine ya Papa, Moja kwa Kumi

Masisi-Centre,
nyuma ya soko la maziwa,
18 Septemba 2022

Mpendwa mdogo wangu Édouard,

Nakusalimu kwa salamu za asubuhi, maana ninaandika asubuhi, kabla watu hawajaanza kuniletea bidoni zao za maziwa zinazovuja. U hali gani huko Liège? Goti lako je? Mara ya mwisho ulisema daktari amekukataza ngazi, na mimi ninajua unakaa ghorofa ya nne. Mkeo Emérita hajambo? Watoto wanasoma? Mwambie mkeo kitenge alichonitumia nimekwisha kukishona na kinanibana, lakini kosa si lake, ni la jibini.

Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua imewahi mwaka huu na maharagwe ya mlimani yamesimama vizuri. Barabara ya Sake inapitika siku fulani na siku fulani haipitiki, hiyo si habari tena. Tangu mwezi wa sita familia moja kutoka Kashuga inakaa katika nyumba yetu ya nyuma. Ni watu wapole, na mama yao analima kuliko mimi. Binti yangu Bibiche bado anafundisha darasa la tatu, na njo yeye atakayeifikisha barua hii Goma kwa mtu anayesafiri.

Papa anakula vizuri. Macho ni yale yale, giza tupu, mwaka wa tisa sasa. Masikio yake, lakini, yamebaki ya kijana, na hilo linatusumbua wote nyumbani, maana hakuna anayeweza kunong'ona.

Kwa sababu hiyo sikutaka kukwambia kwa simu jambo ninalotaka kukwambia. Ukipiga, Papa anaweka sauti kubwa, na nyumba nzima inasikia hata unavyomeza mate. Kwa hiyo naandika. Ni habari ya mashine.

Unakumbuka mwaka jana Esdras, yule mchomeleaji wa Sake, alivyorudi kutoka Walikale na kutukuta mimi na Bibiche jikoni. Alituambia kwamba mashine ya mvuke ya kile kiwanda cha mbao, ile Papa aliyoiendesha miaka kumi na saba, haipo tena. Wanunuzi wa vyuma chakavu waliingia msituni na misumeno yao, wakaikata vipande, wakaibeba. Kumebaki yale mawe manne iliyokuwa imekalia, na majani yanayafunika.

Nilikupigia siku ile ile. Ukasema Papa asiambiwe, itamuua. Nilikubali, kwa sababu wewe ndiye mwenye masomo. Na tangu siku ile, kila Jumapili, Papa anakuuliza kama mashine ingali iko, nawe unamjibu kwamba iko, inamngoja, ukija mwezi wa saba utampeleka aishike. Mwezi wa saba umepita. Papa aliniuliza tu kama nimefua koti lake la safari.

Édouard, mzee huyu haombi kitu. Haombi nyama, haombi redio mpya. Tangu macho yazime ameomba kitu kimoja tu, aiguse ile mashine mara moja tena kabla hajafa. Wewe unajua hivyo kuliko mimi, maana ni wewe uliyemwahidi.

Mimi kusema uongo kila Jumapili nimeshindwa. Usifikiri ni utakatifu, ni uvivu. Mwongo lazima akumbuke alisema nini juma lililopita, na mimi hata miwani yangu siikumbuki. Basi nikaamua nitamwambia ukweli. Lakini kumwambia kipofu kwamba kitu fulani hakipo ni bure, kwake vitu vingi havipo hata vikiwa mbele yake. Niliona lazima nimwambie akiwa ameshika kitu mkononi.

Ndiyo maana nimeitengeneza upya. Ndogo, ya shaba ya manjano, moja kwa kumi. Mita moja ya ile imekuwa sentimita kumi za hii. Miezi kumi na moja nimeifanya, kati ya bidoni na bidoni.

Najua unacheka. Cheka, lakini kumbuka nimeziba vyombo vya maziwa miaka thelathini na moja, na hakuna mtu Masisi aliyewahi kurudisha bidoni yangu. Nilikuomba msaada mwanzoni, ukumbuke pia. Kile kibati kilichobandikwa kwenye mashine, Papa husema, kilikuwa na jina la mji wenu huo huo wa Liège. Nikakuandikia kwa telefone kwamba uende katika nyumba yao ya makumbusho, uniulizie mchoro. Ulinijibu kwa picha ya kidole gumba. Mashine ilitoka huko kuja kwetu bila kurudi, na wewe umetoka kwetu kwenda huko, tunangoja kuona.

Shaba nimeiokota hapa na pale. Tangi la mvuke ni silinda ya pompe ya zamani, zile tulizokuwa tukipulizia ng'ombe dawa ya kupe kabla hazijaja za plastiki. Bomba la moshi ni la robineti ya maji ya dispensari. Vijiti vya misumari nilivipata kwa Esdras. Misumari peke yake ni mia mbili na arobaini, kila mmoja nimeupiga kichwa kwa nyundo ndogo kama kijiko, maana Papa alikuwa akisema tangi lile lilikuwa na upele kama ngozi ya mamba. Kuunganisha nimeunganisha kwa risasi nyeupe ya kulehemu, ile ile ya bidoni. Vipande vya mviringo nimevichonga kwa tupa juu ya cherehani ya marehemu Mama, nikikanyaga kwa mguu na kipande kikizunguka. Usikasirike. Cherehani haikuumia, na ukanda wake nimeurudisha.

Gurudumu kubwa njo lililonipa kazi. Ukingo wake ni fito za pazia la kanisa, zile za zamani, nilizipinda kwa kuzizungusha kwenye kalibu ya jibini. Ililingana kabisa, utafikiri wale waliounda mashine walikula jibini letu kwanza.

Sasa, vipimo. Mchoro sina, picha sina, mashine yenyewe haipo. Kilichobaki ni Papa. Nilikuwa namtoa uani baada ya chai, namsimamisha kwenye sakafu ya saruji, namuuliza kama mtu anayetaka hadithi tu. Papa, ile mashine ilikuwa na urefu gani? Anahesabu kwa hatua zake, mimi nafuata nyuma. Gurudumu lilikuwa pana kiasi gani? Anafungua mikono yote miwili, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, nami napima. Na tangi lilikufika wapi? Na mlango wa moto? Na ile ekseli ya gurudumu? Ananyanyua mkono, anausimamisha hewani pale pale, nami nashusha mètre yangu, ule utepe wa chuma unaojirudisha ndani ya kasha lake, kutoka kiganjani mwake hadi chini. Yeye haoni. Nilijiona mwerevu sana.

Alikuwa anafurahi, nakwambia. Siku hizo alikuwa anaongea mpaka anasahau kuketi. Alinieleza tena jinsi ngumi ya mtu ilivyopita kwa shida kati ya gurudumu na ardhi, na jinsi vijana wa kiwandani walivyokuwa wakiingiza ngumi pale gurudumu likizunguka, ili waonekane wanaume.

Mwezi wa sita nikaunganisha vipande vyote juu ya ubao, na gurudumu likakataa. Ekseli ikiwa mahali pake, ukingo unazama ndani ya ubao. Nikapima mara tatu, nikakuta namba zangu ni zile zile. Nikasema, basi, ni mzee huyu. Watu wakisimulia, vitu hukua, na mikono aliifungua kupita kiasi kwa sababu ya furaha. Nikalivunja lile gurudumu zuri, nikakata ukingo, nikafupisha spoki zote sita, nikalipinda upya kwa kuzungusha kwenye kopo la maziwa ya unga. Likapungua karibu sentimita nne. Likazunguka vizuri, na chini yake ikabaki nafasi ya ngumi, yaani nafasi ya punje ya haragwe. Mimi nikaridhika.

Alhamisi iliyopita, mvua ikinyesha na hakuna mteja, nilimwekea Papa ubao juu ya meza. Bibiche alikuwa anachambua maharagwe pembeni. Nilikuwa nimejipangia maneno. Nilitaka kusema kwanza, kisha nimpe ashike. Badala yake nikachukua tu mikono yake yote miwili nikaiweka juu ya tangi.

Alianza na misumari, akaipitia kwa kidole kimoja, mstari baada ya mstari, kama mtu anayesali rozari. Akafungua mlango wa moto, akaufunga. Akapata bomba la moshi, akalipanda mpaka juu. Nilikuwa namtazama uso, na ule uso sijauona tangu Mama afe. Nililia, Édouard, naandika wazi, na Bibiche pia, ila tulilia kimya kwa sababu ya yale masikio.

Kisha mikono ikafika kwenye gurudumu, ikasimama. Ikalizunguka mara moja, ikalizunguka mara ya pili.

"Hii roue si yake," Papa akasema. "Hii ni roue ya machine ya kushona."

Akaomba haragwe. Bibiche akampa, akalipitisha chini ya gurudumu, likapita. Akatikisa kichwa. Akaweka kiganja juu ya ekseli, akaanza kucheka kidogo kidogo.

"Athanasie, ulinipima namna gani? Ulifikisha mètre kwa vidole ao kwa kiganja?"

"Kwa kiganja, Papa."

"Ulipima ngombe! Miye nilikuonesha muntu."

Édouard, wewe sijui kama bado unakumbuka, huko mliko labda mnaonyesha vimo vyenu ovyo. Kwetu ng'ombe, mbuzi na meza unavilazia kiganja kikitazama chini. Mtu unamsimamishia kiganja, vidole juu, na kimo chake kinaishia kwenye ncha za vidole. Ukimlazia mtoto wa mtu kiganja, mama yake atakuuliza kama amezaa ndama. Mimi nimekulia hapa, nimezaa hapa, na nilitazama namba bila kutazama mkono. Papa alikuwa amesimamisha vidole kila mara. Tangi, mlango wa moto, ekseli, vyote nimevinyima kiganja kizima, sentimita kumi na nane. Ndiyo maana gurudumu lake la kweli lilizama, nami nikalilaumu gurudumu, na nikamlaumu mzee.

"Lakini Papa," nikamwambia, "mashine ni chuma. Nani anaonyesha chuma kama mtu?"

"Ilikuwa inakula, inakunywa, inapumua," akasema. "Tulitumika naye miaka kumi na saba. Naweza kumuonesha sawa vile mbuzi?"

Hapo ndipo nikashtuka. Mimi sijawahi kumwambia kwamba nilikuwa nampima. Nikamuuliza alijuaje.

"Mètre yako inafanyaka kelele ikirudia ndani," akasema. "Siku ya kwanza nilifikiri ni miye unapima, ju ya sanduku ya kunizika. Nikanyamaza. Nikasema, aache apime, ni mutoto mwenye kufikiri mbele. Kisha ukauliza mulango ya moto inafika wapi. Nikasema, aa, kumbe si miye. Ni ile machine njo imekufa."

Bibiche aliacha maharagwe, akatoka nje kwenye mvua. Mimi nilikaa. Yale maneno yote niliyoyapanga hayakuwa na kazi tena.

"Kitu yenye ingali iko," Papa akaendelea, "haupimake mukono ya muzee. Unamupeleka aiguse. Ni nani aliiua?"

Nikamwambia yote, Esdras, misumeno, mawe manne. Alisikiliza mikono ikiwa juu ya tangi. Hakufa, Édouard. Aliuliza tu kama walibeba na firimbi yake ya mvuke. Nikasema sijui. Akasema firimbi ilikuwa na sauti ya ndama aliyepotea mama, na kwamba yangu, nikiitengeneza, isiwe na sauti ya bata.

Akauliza mvuke unaingilia wapi. Nikamwambia risasi yangu haivumilii moto, tangi litayeyuka, ila nimeacha tundu dogo la hewa. Akainama, akalitafuta kwa midomo, akapuliza kama anavyopuliza mtu makaa ya asubuhi. Gurudumu baya lile likazunguka mara tatu. Akakohoa, akacheka, akapuliza tena. Nilimwacha apulize mpaka alipochoka, kwa maana nani angemkataza.

Sasa sikiliza, kwa sababu barua yote nimeiandika kwa ajili ya mahali hapa. Alipopumzika nilimwambia, Papa, basi Jumapili nitamweleza Édouard kwamba unajua, aache kujisumbua. Akanishika mkono haraka, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Usimuambie. Akijua kama ninajua, atanipigia tena ju ya nini? Salamu inaishaka mara moja. Ile machine njo inamuletaka kila dimanche."

Nimebaki na maneno hayo siku tatu. Nimeyageuza huku na huku nikiziba bidoni, na nimechoma kidole kwa sababu yake. Nilikuwa nimekukasirikia, sitaficha. Nilifikiri unamdanganya mzee kwa raha zako. Kumbe yeye ndiye anayekuchunga wewe, anakuacha useme uongo wako ili sauti yako isikatike. Na mimi, mtu mwerevu wa mètre, nilikuwa katikati yenu bila kuona kitu.

Basi nimemwasi baba yangu nikiwa na miaka sitini na mbili, na nimekwambia. Sikutumi umwombe msamaha, wala usimlilie kwa simu, atajua mara moja kwamba nimesema. Nakuomba tu Jumapili, akikuuliza kama mashine ingali iko, usikimbilie mwezi wa saba. Muulize wewe. Muulize mlango wa moto ulifunguka upande gani, kati ya kuni za libuyu na za muvula zipi ziliwaka vizuri, nani alipoteza kidole pale chini ya gurudumu. Ana majibu ya miaka kumi na saba na hakuna mtu anayempigia kuyachukua. Utashangaa simu itakavyokuwa ndefu.

Na uje. Nakwambia kama dada mkubwa, si kama mtu anayebembeleza. Mashine hata wewe usipokuja itakamilika, mimi nimekwisha kuibomoa yote na kuanza upya, kwa vidole juu safari hii, na ukingo nimeurudisha kwenye kalibu ya jibini. Lakini mzee hana wa kumpinda upya. Juzi nilimpa spoki azilainishe kwa msasa na mkono wa kulia ulimtetemeka, akajifanya anaupumzisha.

Ukipita kwenye ile nyumba ya makumbusho, niulizie firimbi.

Unisalimie Emérita, na Cyusa, na kale kadogo ambako sijakabeba bado. Bibiche anakusalimu. Mama Annonciata wa jirani anakusalimu na anasema deni lako la maembe ya utotoni amelisamehe. Esdras anakusalimu, bado anajilaumu kwa habari aliyoileta, nami nimemwambia hana kosa. Mungu alinde goti lako na ngazi zako, na awashike mkono wote wa nyumba yako mpaka tutakapokula pamoja.

Nilikuwa nafunga barua hapa, lakini Papa, ambaye ameketi hapa mezani na spoki zake, amesikia kalamu. Ameuliza namwandikia nani. Nimesema Édouard. Amefikiri kidogo, kisha ameniomba niongeze neno lake, na anangoja asikie ninaliandika:

"Muambie machine ingali iko. Inamungoja."

Dada yako anayekupenda, na ambaye safari hii hajasema uongo wowote,

Athanasie Uwamwezi